Nisome maadili peke yake? Jibu kwa binti wa Tunduma

Mwanangu, barua yako imefika salama, kurasa zote nne, na nimeisoma kwa utulivu uleule ulioiandikia.

Niirudie kwa ufupi ili wasomaji wengine watufuate. Una miaka 21. Umemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na tangu mwaka jana unafanya kazi kwa mjomba wako mwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapo Tunduma. Unataka kwenda chuo kusoma falsafa, na katika falsafa unachokitaka ni falsafa ya maadili. Umeulizia, ukaambiwa hiyo haisomwi peke yake: utapitishwa kwenye metafizikia, yaani elimu inayouliza ni vitu gani hasa vipo na vipo kwa namna gani, kisha utapitishwa kwenye falsafa ya siasa. Hapo ukaingiwa na ubaridi. "Nataka kujua jema na baya tu," umeandika. "Siasa sizipendi, na habari za kuuliza kama meza ipo au haipo naona ni kupoteza muda." Baba anasema falsafa haiivishi ugali, tena ni mambo ya Wazungu. Mama, Mmoravian wa siku nyingi, anaogopa utarudi nyumbani bila imani. Unaniuliza: uende, usiende, au utafute chuo kitakachokupa maadili na kukuondolea hayo mengine?

Nitakujibu yote. Ila kwanza uniruhusu nikutanie kidogo. Kurasa nne umenijazia habari za kozi, vyuo na maneno ya wazazi, halafu jambo lenyewe umelibana ukurasa wa tatu, katikati ya ada na hosteli: "Kuna siku mjomba aliniambia niandike marobota 40 ya vitenge na gari lilikuwa na 60, nikaandika, na hadi leo nikikumbuka sijisikii vizuri." Sentensi moja, kisha ukarukia bei ya godoro. Ulidhani sitaiona?

Mwanangu, barua yako yote imo ndani ya sentensi hiyo. Mtu aliyelala vizuri usiku hatafuti chuo cha kumfundisha jema na baya. Wewe una marobota 20 yanayokusumbua, na mimi nakuona mwenye afya ya roho kwa sababu yanakusumbua. Basi tuyachukue hayohayo tuone yanatupeleka wapi. Ukiyafuata mwenyewe hadi mwisho utaelewa kwa nini hakuna chuo kitakachokuuzia maadili rejareja.

Swali la kwanza ni hili: ulikosa? Mjomba anasema hakuna aliyeumia. Mwenye mzigo, umeniambia, ni mama mjane anayesomesha watoto, na serikali haitaanguka kwa ushuru wa vitenge. Hoja hiyo ina wenyewe. Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill walijenga nadharia nzima inayopima tendo kwa faida na madhara yake kwa wote wanaoguswa nalo. Lakini hata hao wangemkatalia mjomba haraka yake. Wangekutaka umhesabu na mfanyabiashara wa pili aliyelipa ushuru wote na sasa hawezi kushindana bei na mjane huyo, uihesabu na zahanati inayongoja dawa, umhesabu na kijana wa forodha anayezoea kufumba macho.

Immanuel Kant, Mjerumani aliyetoa kitabu chake cha misingi ya maadili mwaka 1785, asingeanza na hesabu. Angekuuliza kama unaweza kutaka kila karani wa kila mpaka aandike namba anayojua si ya kweli. Wote wakifanya hivyo, hati haitaaminika na mtu yeyote, na uongo wako wenyewe utakosa pa kusimama. Aristotle naye, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, angekutazama wewe kuliko kuitazama hati. Ukiandika hivyo mara ya pili, ya tatu, ya kumi, utakuwa mtu wa namna gani? Kwake tabia hujengwa na matendo yanayorudiwa, na kwa hiyo tendo dogo si dogo.

Hayo ndiyo maadili uliyoyataka. Unaona jinsi watu watatu wenye akili wanavyolishika jambo moja kwa mikono mitatu? Na jibu bado hatujalipata, kwa sababu mjomba akibanwa hapo anahamia hoja nyingine, na umeiandika mwenyewe: "Kwani huu mpaka ameuweka nani?"

Swali zuri sana. Waliuweka Wajerumani na Waingereza kwa mkataba wa Julai 1, 1890, walipogawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika bila kumuuliza Mnyamwanga yeyote. Ndiyo maana leo bibi yako yuko Kamsamba na shangazi yako yuko Nakonde, upande wa Zambia, ukoo mmoja wenye marais wawili. Kwa nini basi ndugu alipe ushuru kumpelekea ndugu kitenge? Nani aliipa dola haki ya kukukata? Ikiwa haki hiyo inatokana na ridhaa ya wananchi, wewe ridhaa yako uliitoa lini? Na kodi ikitumika vibaya, wajibu wa kuilipa unapungua, au unabaki palepale na kuongezewa wajibu wa kudai hesabu? Hayo yote, mwanangu, ni falsafa ya siasa. Hukuikaribisha wewe wala mwalimu yeyote. Imeingia kwa mlango uleule yalioingilia marobota.

Sasa nisikilize vizuri, maana tunafika ulipoogopa zaidi. Mfano wa meza uusahau. Mkoa wako wa Songwe una vitu viwili vinavyofundisha metafizikia kuliko meza zote za chuoni.

Cha kwanza ni kimondo cha Mbozi, pale kijijini Ndolezi. Ni bonge la chuma lenye nikeli kidogo ndani yake, urefu wake kama mita 3, uzito unaokadiriwa kupita tani 10, na lilitoka angani. Wazungu walilijua mwaka 1930, wenyeji walilijua kabla yao, na lenyewe lilikuwepo kabla ya wote kulijua. Halihitaji ruhusa ya mtu ili liwepo. Wakazi wote wa Mbozi wakipiga kura kwamba halipo, litabaki palepale.

Cha pili ni mpaka wenyewe. Msimamishe Tunduma mtu asiyejua habari za nchi na nchi, umwambie aonyeshe mpaka. Ataona barabara, maduka, vijana na mikokoteni, wabadilisha fedha na mabunda ya kwacha, na huenda akaona nguzo au geti. Kitu kinachoitwa Tanzania kuishia hapa na Zambia kuanzia pale, hicho hatakiona. Lakini foleni ya malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi imesimama kwa ajili ya kitu hichohicho asichokiona. Mpaka upo, tena una nguvu. Ila upo kwa sababu watu wamekubaliana uwepo, na wakikubaliana vingine unabadilika. Zamani lori lilipekuliwa upande mmoja, likavuka, likapekuliwa tena upande wa pili. Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha kutoa huduma kwa pamoja, ili kazi hiyo ifanyike mara moja. Ardhi haikusogea hata inchi moja, ila kuvuka mpaka kukawa jambo jingine.

Basi swali la metafizikia katika maadili ndilo hili: ubaya wa kuandika 40 badala ya 60 upo kama kimondo, au upo kama mpaka?

Ukisema upo kama mpaka, yaani tumeutengeneza sisi kwa makubaliano, utabanwa. Ofisi yenu nzima ilikuwa imekubaliana siku ile. Mjomba alikubali, dereva alikubali, mwenye mzigo alikubali. Kwa nini basi wewe hukulala? Ukisema upo kama kimondo, kwamba ni ubaya hata Tunduma yote iseme si ubaya, umesimama mahali penye nguvu, lakini una deni la kueleza: ubaya huo tunauona kwa jicho gani, maana hauwekwi kwenye mizani? Mama atakujibu kwamba umo katika amri ya Mungu. Plato aliliuliza jambo hilo karne nyingi kabla ya Wamoravian kufika nchi hii: jema ni jema kwa sababu limeamriwa, au limeamriwa kwa sababu ni jema? Wapo pia wanaosema kwamba ubaya umo katika jinsi binadamu tulivyo, viumbe ambao hatuwezi kuishi hata wiki moja bila kuaminiana maneno yetu. Hao wanasimama katikati, kwa sababu hatukukubaliana kuwa hivyo, ndivyo tulivyokuta tuko.

Sikulazimishi uchague leo. Ninachotaka uone ni kwamba kila jibu hapo linabadilisha maneno utakayomwambia mjomba asubuhi. Ukienda na la kwanza utamwambia, "Tubadilishe utaratibu wa ofisi." Ukienda na la pili utamwambia, "Hata utaratibu ukiruhusu, sifanyi." Metafizikia uliyoiita kupoteza muda imeshakaa mezani pako kati ya muhuri na kikokotoo.

Nirudi kwenye neno lako, "siasa sizipendi." Nadhani unamaanisha fulana, kofia na vipaza sauti vya kampeni, na hapo sina ugomvi nawe. Lakini falsafa ya siasa inauliza jinsi ya kuishi pamoja kwa haki, na huwezi kuikwepa kama unataka kujua jema. Aristotle mwenyewe alipofika mwisho wa kitabu chake kikubwa cha maadili hakufunga mjadala. Alimwambia msomaji kwamba sasa inabidi wazungumzie sheria na serikali, kwa kuwa mtu mwema akilelewa chini ya sheria mbovu anapata taabu kubakia mwema. Wewe ni shahidi. Karani mwaminifu katika ofisi inayoishi kwa kushusha namba anajua Aristotle alikuwa anasema nini.

Tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na alirudi na shahada yake mwaka 1952. Watu wanakumbuka kwamba alisoma uchumi na historia. Wachache wanakumbuka kwamba kati ya masomo yake kulikuwa na falsafa ya maadili. Miaka hiyo profesa wa somo hilo pale Edinburgh alikuwa John Macmurray, aliyeshikilia kwamba mtu huwa mtu kwa uhusiano wake na wenzake. Sasa soma Azimio lake la Arusha la mwaka 1967 ukiwa na maswali yetu matatu mkononi. Linaanza na imani, na imani ya kwanza inahusu usawa wa binadamu. Hiyo ni kauli juu ya binadamu ni kiumbe gani, na hapo uko kwenye metafizikia. Kutoka hapo linakwenda kwenye tunachodaiana: asiwepo wa kumnyonya mwenzake. Hayo ni maadili. Kutoka hapo linashuka kwenye masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Hiyo ni siasa. Aliyeliandika asingeweza kuchomoa ngazi moja na zile nyingine zikabaki zimesimama.

Tena ngazi hizo zinatupa haki ya kumpima aliyezijenga. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawawezi kusukumwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 serikali yake ikaagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi vijijini kuwe lazima. Mamilioni walihamishwa, wengi bila hiari yao, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mtu aliyesoma maadili peke yake atasema nia ilikuwa njema. Mtu aliyesoma siasa peke yake atahesabu vijiji, shule na visima vilivyopatikana. Aliyesoma vyote kwa pamoja atauliza: ikiwa binadamu ni sawa na huru kama ulivyotuambia, nani alikuwa na haki ya kuniamulia nyumba yangu? Nataka wewe uwe huyo wa tatu. Nchi hii inamhitaji.

Sasa tumgeukie mama. Mwambie kwa upole jambo ambalo anaweza kulihakiki mwenyewe kwa majirani zake Wakatoliki. Kijana anayetaka kuwa padri nchini humu haanzi na teolojia. Anapelekwa kwanza seminari kuu kama Kibosho au Ntungamo kusoma falsafa, miaka kamili, na metafizikia imo. Kama falsafa ingekuwa sumu ya imani, Kanisa lisingewanywesha makasisi wake watarajiwa. Kwa upande wa Waislamu, al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 aliwapinga wanafalsafa vikali, lakini aliwapinga baada ya kuwasoma na kwa kutumia hoja. Sitakudanganya kwamba imani yako haitatikisika. Kuna usiku utakaa na swali ambalo mchungaji wako hakukufundisha. Imani ya kitoto huenda ikaondoka. Inayobaki itakuwa yako, na mama akikaa nayo mezani ataitambua. Muahidi jambo moja, nalo ulitimize: kwamba hutamficha maswali yako.

Baba anasema ni mambo ya Wazungu. Mjibu kwa ukarimu, kwa sababu ana sababu ya kusema hivyo: majina mengi niliyoyataja hapo juu ni ya huko. Lakini barabara inayopita mbele ya ofisi ya mjomba inafika Lubumbashi, na mji huo zamani uliitwa Elisabethville. Hapo ndipo mwaka 1945 kilipochapishwa kitabu cha Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji, kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa yao kamili juu ya vilivyopo, na kwamba maadili yao yanasimama juu ya falsafa hiyo. Waafrika wengi walikipokea, wengine wakakipinga, kati yao Paulin Hountondji wa Benin, aliyekataa wazo kwamba kabila zima linaweza kuwa na falsafa moja bila mtu mmoja mmoja kufikiri na kubishana.

Nchini Kenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichukua njia nyingine: alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu yao. Aligundua tofauti ambayo nataka uishike. Wako wazee wanaokumbuka vizuri sana yale ambayo jamii inayasema. Na wako wachache wanaoyakumbuka, kisha wanayauliza: kwa nini tunasema hivi, na je, ni kweli? Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa, hata kama hawakusoma darasa moja. Kabla hujaenda chuo, panda gari uende Kamsamba ukakae na bibi. Usimuulize mila inasemaje. Muulize kwa nini, na akikujibu muulize tena kwa nini. Nadhani utapata somo la kwanza bila ada.

Na wewe wa HKL unajua hili kuliko baba. Umekutana na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ambamo Karama anashitakiwa kwa sababu tu anataka kuanzisha elimu mpya, ya sheria, na anajitetea kwa hoja mbele ya wenye nguvu. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile, riwaya zinazouliza maana ya kuwepo, kwa Kiswahili chetu hikihiki. Falsafa imeshaandikwa kwa lugha unayoiota. Msomee baba kurasa chache jioni moja.

Lakini baba ana hoja ya pili, ya ugali, na hiyo siwezi kuipita kwa mkono mmoja. Ana haki. Hutafungua gazeti ukakuta tangazo linalotafuta mwanafalsafa wa kuanza Jumatatu. Shule zetu za sekondari hazina somo linaloitwa falsafa, ingawa mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na litahitaji walimu wanaojua kumfundisha mtoto kuhoji jema badala ya kulikariri. Kwa hiyo nenda ukiwa macho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na masomo ya dini, na vyuo vya kanisa, kama Mtakatifu Augustino cha Mwanza, navyo vina falsafa. Fungua kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), soma sifa zinazotakiwa, kisha soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo kabla hujampa baba ahadi yoyote ya fedha. Tafuta mpangilio utakaokuwezesha kuichukua falsafa pamoja na somo lenye kazi inayojulikana, kama ualimu au sheria. Hiyo haitakuwa kuisaliti falsafa. Mwalimu au mwanasheria aliyepitia maswali haya hafanani na asiyeyapitia, na wanaokuja mbele yake wanajua.

Kuna jambo moja zaidi la kukurekebisha, nalo ndilo zito kuliko yote. Chini ya barua yako naona tumaini kwamba ukisoma falsafa ya maadili utakuwa mtu mwema, na lile jambo la marobota litafutika. Halitafutika hivyo. Martin Heidegger, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne ya 20, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Alijua metafizikia kuliko mimi na wewe, na haikumzuia. Elimu hii inakupa macho. Kutembea utatembea mwenyewe. Inawezekana ukahitimu kwa alama za juu, ukarudi Tunduma, ukaandika 40 tena, safari hii ukiwa na hoja nzuri zaidi za kujitetea. Hilo ndilo ninalokuogopea, kuliko metafizikia yote.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza haingoji chuo. Wiki hii mtafute mjomba akiwa peke yake, jioni, mbali na masikio ya makarani wenzako. Mwamkie vizuri, mshukuru kwa kukupa kazi, kisha mwambie kwa maneno machache: "Mjomba, namba ambayo sijaiona kwenye gari sitaiandika tena. Nipangie kazi nyingine ukitaka." Usimhubirie, wala usimtajie Kant. Yeye ni mkubwa wako na anajua unachosema. Huenda akakasirika, huenda akakupunguzia siku za kazi. Uwe tayari kwa hilo kabla hujafungua mdomo. Jua pia kwamba tamko la uongo la forodha ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na mkono ulioandika ni wako. Kama hati ile imepita kwa jina lako, muone mwanasheria akueleze njia ya kuirekebisha kabla haijaja kukutafuta. Na usijiite mwizi usiku kucha. Uliagizwa na mkubwa, ukatii, ukaumia. Maumivu hayo yanatosha kuwa mwanzo, usiyageuze kuwa nyumba ya kuishi.

Uamuzi wangu basi ni huu: omba chuo, usome falsafa, na uyasome yote matatu bila kuchagua nyama na kuacha mifupa. Lakini uanze na mazungumzo na mjomba, kwa sababu maadili yanayosubiri cheti hayatafika.

Nanyi wazazi mnaoisoma safu hii kule Tunduma, Vwawa, Mlowo na kwingineko: kijana wenu akiwauliza kwa nini jambo fulani ni baya, msimjibu kwa ukali wala msimwambie akasome kitu cha maana. Kaeni naye mjibu. Kama jibu hamna, litafuteni pamoja.